Karatasi Yenye Mashimo

Pale Manyatta, ukipanda kutoka Embu na kabla hujafika njia ya kwenda faktori ya kahawa, kuna kibanda cha Marcella, na mbele ya kibanda kuna benchi. Benchi lenyewe si kazi ya fundi. Ni ubao wa meza ya kuanikia kahawa, faktori iliutupa, watu wakaupigilia misumari juu ya magogo mawili, na tangu siku hiyo hapo ndipo serikali inapoundwa na kuvunjwa kabla ya saa sita, timu za mpira zinabadilishiwa kocha, na bei ya kahawa ya Ulaya inapandishwa kwa mdomo mpaka mtu anakumbuka kwamba ng'ombe wake hajakatiwa nyasi. Chai ya Marcella ni nzito, ya maziwa mengi, na nduma zake zinamenyeka zenyewe. Wakaaji wa benchi ni watu wa kahawa wote. Ukiwaambia kuna mahali pengine duniani kahawa inaota vizuri kuliko kwao, hawakasiriki. Wanakusogezea nafasi ukae, kwa sababu wanaona umechoka.

Mwenye benchi hilo, ingawa hakulinunua wala kulitengeneza, alikuwa Ndambiri. Zamani alikuwa mtu wa mizani pale faktori, na alipostaafu akawa mtu wa gazeti. Kila mmoja alitoa mchango wake mdogo, linanunuliwa gazeti moja la Kiingereza, na Ndambiri analisoma kwa wote. Sheria ilijulikana: hakuna anayeligusa kabla yeye hajalifungua. Vifo kwanza, kwa heshima ya marehemu. Halafu kahawa. Halafu siasa, na mwisho mpira. Alisoma Kiingereza kwa macho na kukitoa Kiswahili kwa mdomo, na palipokuwa pagumu aliingia Kiembu, akatoka huko na maana kamili kama mtu aliyetoka shambani na kiazi. Ndiyo maana wakamwita Spika. Akisema "Kikao kimeanza," hata mbwa wa buchari, muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, alilala.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tisa Ndambiri alikuja na gazeti kwapani na moyo mzito. Siku hiyo benchi lilikuwa linaamua: mchango uendelee kununua gazeti, au upelekwe mjini kwa Adrian, kijana aliyefungua chumba cha kompyuta na kuingiza kitu kinaitwa intaneti. Adrian angekuja mwenyewe kuonyesha bidhaa yake. Hakuna aliyesema "Spika, tumekuchoka." Lakini mtu wa gazeti bila gazeti ni mzee tu kwenye ubao, na Ndambiri alilijua hilo vizuri kuliko wote.

— Spika, habari ya asubuhi, alisema Munene, akiangalia upande wa barabara.

Munene walimwita Methali, kwa sababu alikuwa nazo nyingi na hakuna hata moja aliyoiweka mahali pake. Adrian alikuwa mtoto wa dada yake Alice, na wazo lote la kuhamia intaneti lilitoka kwa Munene.

— Nzuri kwa mtu ako na gazeti, alijibu Ndambiri, akakaa kwenye pembe yake.

Marcella alikuwa anamimina chai.

— Methali, nielezee tena. Hiyo intaneti ni nini? Ni redio?

— Si redio.

— Ni TV?

— Si TV.

— Basi ni simu.

— Inapitia kwa simu lakini si simu. Chukua hivi: ni gazeti ya dunia yote, na watu wote wa dunia wanaandika ndani.

— Na kama wote wanaandika, aliuliza Ndambiri, nani anasoma?

Munene alikohoa.

— Mwenda pole hajikwai, alisema. Ndio maana huwa hafiki. Sisi tusiende pole.

Hapo Kithaka aliweka kikombe chini. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza pande hizo kununua televisheni, ndogo, ya kuendeshwa na betri ya gari, na kila wikendi alionekana juu ya mti akizungusha eriali huku watu wakimpigia kelele kutoka chini: hapo hapo, la, umepitisha, rudisha kidogo! Wakamwita Eriali, na katika mambo yote yanayopita hewani neno lake lilikuwa la mwisho.

— Wacheni niwaeleze kitaalamu, alisema Eriali. Ile kitu inatoka Amerika, inapanda kwa satelaiti, inashuka huko Longonot, inaingia kwa waya ya posta, inakuja Thika, inakuja Embu. Mpaka hapo ni kawaida. Sasa ikitoka Embu inakutana na nini?

— Na sisi, alisema Marcella.

— Inakutana na mlima! Inagonga mlima, inarudi. Kwa hivyo hapa Manyatta tutapata habari mara mbili. Ikienda na ikirudi. Nairobi wanapata mara moja peke yake, halafu imeisha.

Benchi zima lilinyooka kidogo. Hata Ndambiri, ambaye hakuamini neno, alijikuta ameinua kidevu kuuangalia mlima, maana asubuhi hiyo ulikuwa wazi mpaka kwenye theluji.

— Si nilisema? alisema Munene. Milima haikutani! Hao wa Nairobi hawana mlima, watakutana na nani?

— Na ndege wakikaa kwa waya? aliuliza Marcella.

— Swali nzuri, alisema Eriali. Ndege mdogo hana shida. Lakini kunguru anaweza kukalia barua ya mtu mpaka siku ataamua kuruka.

— Nyinyi mnacheza, alisema Ndambiri. Mimi nauliza kama mnunuzi. Huyo Adrian anauza nini?

— Anauza dakika, alisema Munene.

— Dakika?

— Dakika. Unakaa mbele ya kompyuta, dakika zinahesabiwa, ukimaliza unalipa.

— Sasa sikizeni, wenzangu. Gazeti nikinunua ni langu. Nasoma leo, nasoma kesho. Eriali anachukua ukurasa wa mpira. Marcella anafungia mandazi. Buchari anafungia matumbo. Linafika mpaka choo, na huko nako linasomwa. Dakika ikiisha, utafungia nini nayo?

— Hapo Spika amesema ukweli, alisema Marcella. Mimi bila gazeti mandazi nitapatia watu kwa mkono?

— Na tena, alisema Ndambiri, akiona ardhi inamkubali, si ni wewe, Methali, ulisema hapa juzi kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia kompyuta zote zinakufa?

— Nilisikia kwa redio, ni kweli. Zinashindwa kuhesabu mwaka, zinazima.

— Kwa hivyo tuchukue pesa yetu tupatie mgonjwa?

— Mgonjwa haulizwi uji! alisema Munene kwa nguvu, na watu wakacheka mpaka Eriali akamwaga chai.

Ndambiri aliona huo ndio wakati. Alivua kofia, akakohoa, akalifungua gazeti.

— Kikao kimeanza.

Alianza na vifo. Alisoma vizuri siku hiyo, pengine kuliko siku zote. Marehemu mama mmoja wa upande wa Runyenjes alimsomea kwa sauti ya chini, na mwalimu mkuu wa zamani akamsomea kwa sauti ya kanisa. Lakini alipoinua macho kuelekea ukurasa wa pili alimwona Eriali anaangalia barabara, na Munene anaangalia barabara, na Marcella mwenyewe amesimama na birika mkononi anaangalia barabara. Jambo hilo limewauma wengi waliowahi kusoma mbele ya watu wasiosikiliza, na lilimuuma yeye zaidi, kwa sababu miaka yote hakuwahi kuhitaji kuwaomba wasikilize.

— Mnasikia ama nisome na mbwa?

— Tunasikia, Spika, alisema Munene. Ni vile tu… Acha niseme ukweli. Hiyo gazeti tuliiandikia barua mara ngapi juu ya kahawa? Wewe mwenyewe uliandika, na Kingereza yako safi. Ilitujibu siku gani?

Barua zile Ndambiri aliziandika usiku, akazinakili upya kila alipokosea, na wiki nyingi baadaye alikuwa bado anafungua ukurasa wa barua kwanza, kabla hata ya vifo, akiwa peke yake njiani ili mtu asimwone akivunja sheria yake mwenyewe. Hakuna hata moja iliyotoka.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alimalizia Munene kwa upole. Ndio nasema tusizibe. Tupate ukuta.

Adrian aliibuka kwenye kona akiwa na bahasha ya kaki, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alisalimia kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, kama alivyofundishwa, ingawa macho yalikuwa yanacheka.

— Wazee, sasa. Uncle, sasa. Mama Carol, uko poa?

— Adrian wa Alice, umekonda, alisema Marcella, ambaye ndiye Mama Carol. Kompyuta haikupatii chakula?

— Business bado inashika, auntie. Itashika tu.

Akatoa karatasi zake, zimeungana ndefu kama utepe, na pembeni kote zina mashimo madogo. Marcella aliishika moja akaipitisha kwenye mwanga.

— Hizi mashimo ni za panya ama ni za kompyuta?

— Ni za printa, auntie. Inashika hapo inavuta.

— Sasa mafuta ya mandazi si yatapitia hapo?

— Wacha mandazi! alisema Munene. Adrian, waonyeshe.

— Sawa. Wazee, niulizeni kitu yoyote. Dunia mzima iko hapa.

Ndambiri aliuliza kwanza, kwa sauti tamu isiyo na ubaya wowote:

— Nani amekufa?

— Amekufa wapi, mzee?

— Hapa. Embu, Kirinyaga, Meru, popote. Matangazo ya vifo.

Adrian aligeuza karatasi.

— Hiyo… hiyo bado haijaingia.

— Aa, alisema Ndambiri, akakunja miguu. Dunia mzima na hakuna matanga.

— Lakini iko na hii! Adrian alisema haraka. Jana niliandika pale neno moja tu, Embu. Manze, nikangoja mpaka nikaenda nikakula chapati nikarudi. Ikaleta hii. Ni mzungu ako na duka ya kahawa huko kwao, kwenye baridi. Ameandika juu ya kahawa yetu.

Eriali aliacha kupangusa suruali.

— Yetu ya wapi? aliuliza.

— Ya Embu! Imeandikwa hapa. E, M, B, U.

— Soma, alisema Munene.

Adrian alisoma. Alisoma Kiingereza kwa mwendo wa kijana anayekimbilia mwisho wa sentensi, na wazee walitikisa vichwa vyao taratibu kama waumini wanaomsikiliza mhubiri mgeni. Alipomaliza, Munene alisema:

— Umesoma vizuri sana. Sasa imesema nini?

— Imesema… imesema ni poa. Ni kahawa noma. Ati iko na hiyo… asidi. Asidi mingi.

— Asidi! Eriali alisimama. Asidi ya betri?

— Si ya betri, mzee, ni…

— Mimi nimeshika asidi ya betri na hii mikono, ilinichoma suruali mbili! Mzungu anasema kahawa ya Manyatta ni hiyo?

— Nilijua, alisema Marcella. Mtu hawezi kuandika kitu nzuri juu yako kutoka mbali hivyo.

— Ni matusi! alisema Munene, amemsahau mpwa wake. Tumetukanwa dunia mzima, na itagonga mlima irudi tutukanwe tena!

Adrian alikuwa anaona aibu. Alikuwa anakielewa kile Kiingereza, hilo lilionekana. Ila hakujua kukitoa huko kilikokuwa na kukileta kwenye benchi. Akafanya jambo ambalo Ndambiri hakulitegemea. Akamnyooshea yeye ile karatasi.

— Mzee, tafadhali. Wewe wasomee.

Ndambiri hakuipokea mara moja. Wote walikuwa wanamtazama, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba akisema tu "macho yangu leo hayaoni vizuri", karatasi ile ingekufa hapo hapo, Adrian angerudi mjini na dakika zake, na kesho kungekuwa na gazeti kama jana. Lilikuwa jambo rahisi sana. Alitamani kulifanya. Lakini macho yake, yaliyokuwa yanaona vizuri kabisa, yalikuwa tayari yameangukia neno lile. Embu. Limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga udongo wake mwekundu, katikati ya maneno mengine, bila makosa. Mkono ukaenda wenyewe.

Alivua kofia tena. Akakohoa.

— Kikao kimeanza.

Akasoma kwanza kwa macho, taratibu, mpaka chini. Wakangoja. Halafu akaanza:

— "Kuna kahawa moja inatoka mahali panaitwa Embu, Kenya, miteremkoni mwa mlima mrefu. Mwaka huu nimeuza kahawa nyingi, lakini hii naificha kidogo nyuma ya duka, niwauzie wale ninaowapenda. Ukiitia mdomoni, kwanza unasikia ukali mtamu." Hapo ndipo Adrian alikwama. Si asidi ya betri. Ni ukali wa tunda. Ni kama ndimu umeitia sukari.

— Aaa, alisema Eriali, akakaa.

— "Halafu nyuma ya ukali yanakuja matunda meusi, kama zabibu iliyoiva mpaka inataka kupasuka. Halafu ukishameza, ladha haiendi. Inakaa." Inakaa mdomoni, alisema Ndambiri, kama neno zuri uliloambiwa zamani na mtu unayemheshimu.

Hilo la neno zuri halikuwa la mzungu. Mzungu alikuwa ameandika tu kwamba ladha inakaa. Lakini hakuna aliyelalamika, na mwenye duka angekuwepo naye asingelalamika.

— Imeisha? aliuliza Marcella kwa sauti ndogo.

— Kuna mstari mmoja. Ndambiri aliusogeza karibu, akausogeza mbali. "Simjui aliyeilima kahawa hii. Popote alipo, asante."

Buchari ng'ambo ya barabara alisikika akinoa kisu. Eriali alikuwa ameshika kofia yake mikononi bila kukumbuka alipoivua. Watu hawa walikuwa wamepalilia kahawa, wameipogoa, wameichuma kwa vidole vilivyokufa ganzi asubuhi za Julai, wamebeba magunia mgongoni mpaka faktori, wakapangwa foleni, wakapimiwa, wakakatwa hiki na kile. Walikuwa wamelipwa, siku nyingine vizuri na siku nyingine vibaya. Kushukuriwa hawakuwa wameshukuriwa na mtu yeyote.

— Soma tena hapo mwisho, alisema Munene, na hakuongeza methali.

Ndambiri akasoma tena. Na alipokuwa anasoma mara ya tatu, kwa ajili ya buchari aliyevuka barabara na kisu chake kuja kusikia, aliona kwamba hakuna anayeangalia barabara. Walikuwa wanaangalia mdomo wake.

— Mimi nasema hivi, alisema Eriali. Adrian awe analeta hizi karatasi. Spika awe anasoma. Gazeti nayo ibaki, kwa sababu ya vifo.

— Na mandazi, alisema Marcella.

— Na mandazi. Kuna mtu anapinga?

Hakuna aliyepinga. Ndambiri aliinamia kikombe chake ili wasione uso wake, maana furaha nayo ina aibu yake kwa mtu wa umri ule.

Baada ya hapo fahari ilifunguliwa kamba, na hakuna aliyejaribu kuikamata.

— Mmesikia anaificha nyuma ya duka? alisema Munene. Ya wapendwa! Sasa fikiria wakubwa wa Ulaya. Asubuhi mkubwa anaamka, anaambiwa kuna chai, anasema sitaki, nipatieni Manyatta.

— Hiyo ni kidogo, alisema Eriali. Mapailoti. Ndege inaruka usiku mzima, pailoti halali. Kwa nini halali? Ako na flaski hapo kando. Ndege zote unasikia zikipita hapa juu usiku, zimeshikiliwa na kahawa yetu. Siku tukigoma kuchuma, zinaanguka kama maembe.

— Kweli kabisa, alisema buchari.

— Na hospitali, alisema Marcella. Huko kwao mgonjwa akizimia hawamwagii maji. Wanapitisha kikombe hapa chini ya pua.

— Mnazungumza habari ya dunia! alisema Eriali, amesimama tena. Wale watu walienda mwezini. Mwezini, safari ya siku nzima nzima, baridi, giza. Mnafikiri walikuwa wanakunywa nini huko? Chai?

Wakacheka sana, wote, wakainua vikombe vyao na kunywa.

Ndipo waliposikia mtu mwingine anacheka. Alikuwa mwanamke kijana na kikapu mkononi, amesimama karibu na dirisha la kibanda, na ilionekana alikuwa hapo kitambo akingoja mandazi ambayo Marcella amesahau kumpa.

— Karibu, Mwalimu! alisema Marcella. Wuui, nisamehe. Wazee, huyu ni Mwalimu Karwirwa, ameletwa shule ya hapa muhula huu. Ametoka Meru.

— Muthara, Tigania, alisema Mwalimu Karwirwa. Hamjambo wazee? Hongereni. Nimesikia yote.

— Umesikia ya mwezini? aliuliza Eriali.

— Hiyo ndiyo nimesikia zaidi, alisema, na akawapa mkono wote. Mimi kwetu ni watu wa miraa. Na sisi tunajivuna, siwafichi. Babu yangu ukimpatia kijiti kimoja, anatafuna kidogo, anakwambia hii imetoka shamba ya nani, na kama mti ni wa zamani, na kama ilichumwa kabla ya mvua ama baada ya mvua.

— Na sisi na kahawa ni hivyo hivyo! alisema Munene, na kifua chake kilikuwa mbele.

— Ndio nataka kuuliza, basi. Huyo mtu ameandika ndimu, ameandika zabibu. Yeye ni mgeni. Nyinyi wenyewe mkiikunywa, mnasikia nini?

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kikapu mkononi, akingoja jibu kama anavyongoja mtu aliyeuliza njia.

Eriali alikaa. Munene alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari, methali haikuja. Buchari alikumbuka amewacha nyama bila mtu.

— Mwalimu, alisema Eriali mwishowe, kahawa si ya kukunywa. Kahawa ni ya karo. Mimi msichana wangu Mukami amesomea huko kwenu, shule ya Kaaga, kwa pesa ya kahawa. Nikichukua niweke kwa sufuria, si nitakuwa nakunywa karo ya mtoto?

— Sijasema vibaya, mzee. Nimeuliza ladha tu.

— Ladha… Munene alisema, akamgeukia Ndambiri. Wote wakamgeukia. Spika?

Ndambiri alikuwa anaijua kahawa kuliko wote waliokaa pale. Aliijua ikiwa ua jeupe, na harufu yake baada ya mvua ya kwanza. Aliijua ikiwa nyekundu, angebinya tunda moja na kukwambia kama limeiva siku hiyo au lilichumwa jana likafichwa. Aliijua ikivundikwa kwenye maji, aliijua ikikauka mezani, pengine juu ya ubao huu huu aliokalia. Alikuwa amepima magunia ambayo yangejaza kanisa. Aliitazama karatasi ya Adrian, akaisoma tena upande wa mbele. Halafu akaigeuza. Nyuma hakukuwa na kitu, weupe tu na mashimo pembeni.

Mkononi mwake mwingine chai ya Marcella ilikuwa inapoa na kuweka utando wa maziwa.

Angeweza kusema ndimu. Angeweza kusema zabibu, kwa sauti yake ile, na wote wangemwamini, na mwalimu angeondoka ameridhika. Lakini yangekuwa maneno ya mtu mwingine, na alikuwa ametoka kuyasoma mbele yao. Zabibu yenyewe hakuwahi kuila.

— Adrian, alisema.

— Naam, mzee.

— Hiyo mashini yako inapokea tu kama redio, ama mtu anaweza kujibu?

— Unaweza kujibu. Huyu jamaa ameweka anwani yake hapa chini, ona. Ukiandika leo, anapata leo.

— Anapata yeye? Si karani wake?

— Yeye mwenyewe.

Ndambiri alizifikiria barua zake zile, na mikono iliyozitupa bila kuzifungua. Akaikunja karatasi vizuri, akaiweka ndani ya gazeti, na gazeti akalirudisha kwapani. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya kufungua kikao.

— Mwalimu, swali lako limepokelewa na benchi. Leo hatuna jibu, na sitakudanganya. Adrian, mwandikie huyo mtu. Mwambie asante yake imefika mpaka Manyatta, imesomwa, waliolima wako hapa na wanamsalimia. Kuhusu ladha, mwambie yeye amesema lake, na sisi tuko na letu. Angoje.

— Angoje mpaka lini, mzee?

— Kesho ni kanisa. Mpaka Jumatatu. Methali, wewe uko na mbuni, ile kahawa ya maganda, inakauka pale kwa dari, usikatae, nimeiona. Eriali, leta kinu ya mama. Jumatatu mtu asinunue gazeti, tutaipumzisha siku moja. Mwalimu, wewe utapita hapa ukitoka shule.

— Nitapita, alisema Mwalimu Karwirwa. Nije na kikombe?

— Njoo na mdomo. Vikombe viko. Marcella…

— Kikaango iko, alisema Marcella, kabla hajamaliza. Nitaisugua na majivu itoe harufu ya vitunguu.

— Vizuri. Ndambiri alivaa kofia yake, akakiangalia kikombe kilichobaki nusu, akakiweka polepole juu ya ubao. Na hiyo Jumatatu, Mama Carol, usipike chai.